Kijiti Kwenye Kona

Reli ya Mpanda, ile inayochepuka Kaliua, ina kilomita 210 na ilijengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya risasi. Nasema madini ya risasi, ya machimbo ya Mukwamba, lakini mzee niliyekaa naye behewani alilidaka neno akaligeuza. "Risasi hupigwa," akasema. "Manati hupigwa. Na siku hizi picha nayo hupigwa. Ndege ana kazi hapa duniani."

Alikuwa mrina asali wa upande wa Inyonga anayepeleka madumu mawili Tabora. Madumu yalikuwa chini ya miguu yangu, yananata. Mimi nilikuwa nimetoka kumwonyesha kwenye simu picha ya ndege niliyoipiga Sitalike, picha ambayo kila niliyemwonyesha aliisifu. Nikamuuliza: unaionaje, mzee? Akaishika simu mbali na uso, akakunja jicho moja, akanirudishia. Kisha akaniuliza kabila langu. Nilipomtajia akapiga paja lake kofi.

"Kumbe mtani! Basi nitakueleza. Usingekuwa mtani ningekwambia nzuri, tukalala."

Aliyonieleza hayakuwa ya picha yangu. Au ndivyo nilivyodhani mpaka tulipovuka mto Ugalla.

*

Mwaka huo jua liliwaka Katavi mpaka mto Katuma ukakatikakatika, ukabaki madimbwi. Mwezi wa kumi pale Ikuu viboko walipangana topeni kama magunia ya mpunga ghalani, mgongo kwa mgongo, na aliyeinuka kujinyoosha alirudi akakuta nafasi yake imekaliwa. Mamba walikuwa wamejichimbia mapango kwenye kingo za mto, wamelala humo wamelaliana, wanasubiri mvua. Nyati walishuka kwa mamia kutafuta kikombe cha maji. Ndipo likapita gari la wageni, na ndani yake mgeni mmoja aliyevaa shati la bluu.

Wenyeji hawavai bluu porini. Mbung'o, au ndorobo kama wanavyoitwa huku, anaipenda rangi hiyo kuliko damu yenyewe, ndiyo maana hata mitego yake hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi. Mgeni akaumwa shingoni, akajipiga kofi, na kamera iliyokuwa mkononi ikaruka nje ya gari. Dereva naye alikuwa anajipiga makofi yake, hakuna aliyesikia. Vumbi lilipotulia, Nyani alikuwa ameshaivaa shingoni.

(Nilimuuliza mzee betri ilichajiwa wapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa sungura alisoma shule gani.)

Unaijua methali ya nyani na kundule, sina haja ya kuimaliza. Sasa mpe nyani huyo lenzi ndefu ya kuvuta, yenye uwezo wa kuleta kundu la mwenzake karibu kutoka mita mia mbili. Kwa wiki moja hakulala. Alipiga kila kitu, na kila siku wanyama walikusanyika chini ya mkwaju, si ule mkwaju wa mzimu Katabi ambao watu huuwekea sadaka, mwingine mdogo kando ya dimbwi, wakapitisha kamera mkono kwa mkono, kwato kwa kwato, wakitoa maoni. Likawa baraza.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Kiboko. Kila picha aliitazama kwa pua, akasema, "Nzuri. Tuendelee." Si kwamba hakuwa na maoni. Alikuwa nayo, ila kuyatetea kungemlazimu kusimama, na akisimama amepoteza nafasi yake topeni. Nimewahi kuhudhuria vikao vya namna hiyo, tena penye viti.

Kanga walikuwa kundi zima na kauli moja: ile ya aliyetangulia kusema. Mamba alipima picha kwa nyama. "Huyu kanenepa," alisema kuhusu picha ya mwari, na hiyo ilikuwa sifa kuu kutoka kwake. Twiga alikosoa, tena alikosoa kila siku, ila kosa lilikuwa moja tu: picha imepigwa chini mno. Nyani alipolala kifudifudi kwenye tope kavu ili jicho la kamera likae sawa na jicho la sululu anayedonoa matope, na akapata picha ambayo sululu anakutazama kama jirani yako, Twiga aliinamisha shingo yote ile na kusema, "Ungepanda juu kidogo, Nyani. Huku juu kuna mandhari."

Halafu kulikuwa na Kunguru. Huyu alikuwa wa mjini, wa pale stesheni Mpanda, amezoea mabishano ya wapakia mizigo, na aliamini kuwa anayesifu hajaelimika. Siku Nyani alipoleta picha ya yangeyange amesimama mgongoni mwa kiboko, Kunguru aliitupia jicho mara moja.

"Hii ni chokaa imemwagika kwenye jiwe," akasema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya dimbwi. "Rudisha kamera ya watu ukale ukwaju."

Baraza likacheka. Mzee Kiboko naye alicheka, bila kuinuka.

Na hapa lazima nimtendee Kunguru haki, kama mzee alivyomtendea: alikuwa sahihi. Yangeyange alikuwa ameungua. Weupe wake wote ulikuwa bapa moja la mwanga, huoni bawa linaanzia wapi wala kifua kinaishia wapi. Lakini Nyani alisikia kicheko, hakusikia chokaa. Usiku ule alikaa juu ya mti akitunga majibu ya kumpa Kunguru, matatu, yote makali, na picha hakuitazama tena.

Aliyemfuata alfajiri alikuwa Shashi.

Shashi ni yule ndege mdogo wa kahawia anayepanda juu ya nyati na kumdonoa kupe. Huyu aliishi mgongoni mwa Bibi Nyati, jike kongwe lenye pembe iliyokatika ncha. Alitua karibu na sikio la Nyani, hakuanza na picha.

"Ulitaka tuone nini pale?"

"Manyoya ya kifuani," akasema Nyani kwa kununa. "Yale marefu. Upepo ulikuwa unayachezea."

"Kumbe. Mimi nimemwona kiboko vizuri, kila mkunjo wa shingo. Manyoya sikuyaona hata moja." Akasogea. "Kiboko ni mweusi na ameijaza picha nzima. Kamera imemwonea huruma yeye, ikafungua jicho ili aonekane, ndipo yangeyange akaungua. Punguza mwanga mpaka kiboko aanze kupotea gizani. Na usiende saa sita. Nenda saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa bado linapenya kwenye majani ya miyombo."

"Kiboko akipotea atalalamika."

"Alikuwa anaringa kwa picha ya mwenzake."

Nyani akaenda. Akarudi na yangeyange ambaye ungeweza kumhesabia nyuzi za kifuani, kila moja na kivuli chake. Barazani aliwaeleza wote kuwa jambo hilo aliligundua mwenyewe, baada ya kutafakari. Shashi alikuwepo, mgongoni mwa Bibi Nyati, akawa anashughulika na kupe mmoja mkubwa kama punje ya mahindi.

Hapo sifa zikaanza kumlea Nyani vibaya. Aliacha kuuliza "mnaonaje?", akawa anasema "tazameni". Kanga waliongeza sauti. Ngiri alijitokeza kuwa mbeba kamera. Na siku moja, Nyani akaleta picha ya Chozi.

Lugha yetu imempa ndege huyu jina la tone la jicho, na kwa kumwona porini ungedhani aliyempa jina alikuwa na furaha: dume linameta kama kioo cha chupa, zambarau na kijani. Jike hana makuu, ana rangi ya majani makavu, kwa sababu yeye ndiye anayejenga na kuatamia na hataki kuonekana. Kiota chake ni kimfuko kinachoning'inia kwenye ncha ya tawi, kimeshonwa kwa nyuzi za buibui, kimebandikwa vipande vya magamba na majani mpaka kifanane na takataka iliyonaswa, na juu ya mlango kina kibaraza kidogo. Ukipita karibu unaona uchafu. Nyani aliona kiota.

Picha ilikuwa hii: jike amening'inia mlangoni, buibui mdomoni, na ndani ya tundu vinywa viwili vya njano viko wazi. Mwanga umeangukia jicho la mama, ukaacha nukta moja nyeupe. Nyuma yote ni rangi ya dhahabu isiyo na umbo. Hakuna jani lililokatiza.

Kwanza kimya. Kisha Kanga wakalipuka. Mzee Kiboko alisema "Nzuri sana," neno la tatu ambalo halikuwahi kusikika katika uenyekiti wake. Mamba alisema vimakinda ni vidogo, lakini alisema kwa heshima. Hata Twiga hakupata la kusema kuhusu urefu. Na Kunguru, jamani, Kunguru akasifu. Akatembea hatua nne kwa unyenyekevu, akaitazama picha kwa jicho moja, kisha kwa jingine.

"Kazi safi, kaka. Kazi safi kabisa. Kiota kiko mti gani?"

"Mkole ule baada ya daraja," akasema Nyani, "kimo cha kifua changu." Sifa humlegeza mtu ulimi kuliko pombe ya asali.

Siku hiyo barazani alikuwepo mgeni, Korongo mweupe, ndege huyo, si swala yule anayeitwa jina hilohilo, aliyefika kutoka Ulaya akiwa amezitangulia mvua. Nyani alimuuliza kama picha kama hii ingeshinda huko kwao. Korongo alikuwa mwenye habari nyingi na asiye na haraka.

"Kuna mashindano makubwa London," akasema. "Mwaka 2009 ilishinda picha ya mbwa mwitu wa Hispania anaruka lango usiku. Dunia nzima iliipenda. Ulipofika Januari 2010 wakamvua ushindi mpigaji. Majaji waliona kuwa yule huenda ni mbwa mwitu wa kufugwa, aliyefunzwa kuruka. Mwenyewe alikana. Halafu kuna ya Brazil, mla-mchwa kwenye kichuguu kinachong'aa usiku. Ilipata tuzo mwaka 2017, mwaka 2018 ikafutwa. Walimlinganisha na mla-mchwa aliyekaushwa, anayewekwa kwenye banda la wageni la hifadhi ilikopigwa picha, wakaona manyoya yamelala vilevile, alama zilezile. Huyo naye alikana."

"Wangu yuko hai!" Nyani akacheka. "Na makinda yapo hai! Tazama vinywa!"

Wote wakatazama vinywa. Shashi alishuka kutoka kwa Bibi Nyati, akatua juu ya kamera, akagonga kioo kwa mdomo, tik, kwenye kona ya chini, upande wa kulia.

"Hiki nini?"

"Kijiti."

"Kimevunjika."

"Vijiti huvunjika, Shashi. Huu ni mwezi wa kumi."

"Kilichovunjika chenyewe huwa kijivu ndani. Hiki ni cheupe, kina unyevu. Na hapa juu yake kuna kingine. Hiki cha tatu umekikata nusu kwa ukingo wa picha." Akainua kichwa. "Kivuli cha kiota kilikuwa upande gani?"

Kukawa na mnong'ono. Nyani alikuwa na kawaida, akikasirika, ya kuonyesha meno kwanza na maneno baadaye.

"Mwanga mnauona? Jicho mnaliona? Buibui mnamwona, kila mguu? Mimi naleta yote haya, huyu mdokozi wa kupe anaona kijiti!"

"Buibui nimemwona. Miguu saba. Wa nane uko ndani ya mdomo."

"Nimekaa pale saa nne! Mbung'o wamenila mpaka mkiani!"

"Mbung'o hawamo kwenye picha," akasema Shashi. "Kijiti kimo."

"Ni wivu," Nyani akaligeukia baraza. "Hana kamera, hana mikono ya kushika kamera. Ana nini cha kutufundisha? Kwanza mwulizeni anakula nini pale mgongoni. Kupe tu?"

Hapo Shashi alinyamaza. Kanga wakachangamka kwa raha, maana kila mtu porini alijua, na hakuna aliyewahi kusema hadharani.

Bibi Nyati akajongea. Huwa hajongei mara nyingi, na akijongea watu hupisha. Akageuza kichwa, akaonyesha nyuma ya sikio la kushoto. Palikuwa na kidonda kibichi, duara, upana wa sarafu ya shilingi mia.

"Anakula na mimi," akasema. "Msione aibu kwa niaba yangu, wajukuu. Hiki kilianza mwiba, masika ya juzi. Kingekuwa kimeshapona. Hakiponi kwa sababu kila akimaliza kupe hupitia hapa kuonja. Nikitikisa kichwa anaruka, nikitulia anarudi. Siku nyingine namchukia kabisa." Shashi alikuwa anatazama mbali, kuelekea kwa Mamba. "Lakini kupe wa mgongoni siwaoni mimi. Mkia wangu haufiki. Na huyu nimemzoea, Nyani. Najua akidonoa damu inavyouma, na najua akidonoa kupe inavyouma. Nimewasikiliza ninyi wawili tangu mwanzo. Sijasikia damu."

Nyani hakujibu. Aliitazama kamera, sidhani kama kwa kujuta. Alikuwa anatafuta namna ya kuikuza picha ile aone kijiti hakikuvunjwa. Kadiri alivyoivuta, ndivyo weupe wa ndani ya kijiti ulivyozidi kung'aa.

"Kunguru yuko wapi?" Twiga akauliza kutoka juu.

Kwa mara ya kwanza urefu wake ulikuwa na faida, maana ni yeye aliyemwona, nukta nyeusi na nyeupe inakwenda usawa wa daraja, haina haraka.

*

Bibi Nyati mbio bado anazo akitaka. Walipofika kwenye mkole, Kunguru alikuwa ametua tawi la juu, anajisafisha kifua kama msafiri anayesubiri gari. Alipoona pembe, alisema alikuja tu kuangalia mandhari. Bibi Nyati akaegemeza ubavu kwenye shina, mti ukatikisika taratibu, na Kunguru akakumbuka ana shughuli mjini.

Ilikuwa saa saba. Jua lilipiga kiota moja kwa moja kupitia pale palipokuwa na majani, kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Kimfuko kilikuwa cha moto kukigusa. Nyani alichungulia. Kinda mmoja alikuwa amelala shingo imepinda, hana alichohitaji tena. Wa pili alikuwa na kinywa wazi, lakini haombi chakula, anahema.

Mama alikuwa tawi la pili, anaita, *tsip, tsip*, anakuja nusu njia anarudi.

Nyani alifanya jambo la kwanza lililomjia. Akageuka, akalipa jua mgongo, akajipanga mpaka kivuli chake kikaangukia kiota. Akatulia hivyo, mikono imenyooka, hapumui. Ilikuwa, mzee akasema, picha nzuri sana ambayo haikuwa na wa kuipiga.

"Kivuli chema," akasema Shashi taratibu. "Ila mama haji. Anakuogopa wewe kuliko jua."

"Nikiondoka ataungua."

"Ukibaki atakufa njaa. Vunja tawi la mti mwingine, mtundu ule pale, lenye majani mapana. Lichomeke hapo ulipotoa vile vitatu. Lifunge kwa gome. Usiguse kiota. Halafu nenda."

"Niende wapi?"

"Mpaka mama akusahau."

Alifunga vibaya mara ya kwanza, tawi likaanguka. Mara ya pili Shashi alimwambia fundo lisogee juu kidole kimoja, akalisogeza, bila kusema kwamba ndivyo alivyokuwa amekusudia tangu mwanzo. Kisha wakarudi nyuma wote watatu, hatua sitini, hadi kwenye kichuguu. Kutoka pale, hata kwa lenzi ile ndefu, kiota kilikuwa takataka iliyonaswa kwenye tawi. Nyani alikuwa na kamera shingoni. Hakuinua.

Walikaa mpaka vivuli vikaanza kurefuka. Mbung'o walikuja, walikula, walikwenda. Bibi Nyati alisinzia akiwa amesimama. Karibu na saa kumi kitu kidogo chenye rangi ya majani makavu kilikatiza, kikatua, kikaingia nyuma ya majani ya mtundu, na hakikutoka kwa muda mrefu.

Nyani alikohoa.

"Ile picha," akasema, bila kumtazama Shashi. "Tuache kijiti. Mwanga ulikuwaje?"

Shashi alifikiri. Alifikiri kweli, kichwa kimeinama upande.

"Mwanga ulikuwa mzuri," akasema. "Wa jicho, sijawahi kuona kama ule. Ila wewe ukishika kamera unainamia kushoto. Ardhi yako yote inamwagikia Rukwa."

*

Tulikuwa tumeshavuka Ugalla. Mzee aliinama, akafunga vizuri kifuniko cha dumu moja lililokuwa linavuja kwenye kiatu changu, akajifuta vidole kwenye suruali yake mwenyewe.

"Haya, mtani," akasema, akanyoosha mkono. "Lete tena hiyo simu."